Kompaila Ipo, Maven Haiioni

Ujumbe wenyewe ni mfupi, na kila anayejenga programu za Java kwa Maven ameshauona au atauona: "No compiler is provided in this environment." Unafuatwa na dhana tu, kwamba huenda unatumia JRE badala ya JDK. Ujenzi unakwama hapo hapo, maandishi mekundu yanajaa kwenye terminali, na anayeanza kazi hii hukimbilia kufuta Java yote na kuipakua upya. Bando linaliwa, saa zinakwenda, na mara nyingi ujumbe unarudi ule ule. Uchambuzi huu unaifuatilia hitilafu hiyo kwenye Ubuntu 22.04, kwa kuwa huko hujitokeza kwa sura inayowachanganya hata wazoefu: kompaila imesakinishwa, inaitika ikiitwa, na bado Maven inashikilia kwamba haipo.

Mradi tunaoujenga ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za VVU za Eldoret, kwa ushirikiano wa watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. KenyaEMR na UgandaEMR zimesimama juu yake, kwa hiyo vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaoingia katika programu za afya wanakutana na Maven kupitia mlango huo. Matoleo yake ya 2 yamejengwa kwa Java 8 kwa miaka mingi. Hili la Java 8 likumbukwe, maana ndilo linaloleta mkanganyiko wote unaofuata.

Mashine ni mpya. Amri ya kwanza ni ya kawaida kabisa:

sudo apt install maven

Apt inaleta Maven 3.6.3 na, pamoja nayo, Java 11. Lakini Java 11 hiyo ni kifurushi kinachoitwa openjdk-11-jre-headless, yaani chombo cha kuendeshea programu zilizokwisha kugeuzwa kuwa baitikodi. Kompaila, ile programu ya javac inayogeuza msimbo tuliouandika kuwa baitikodi, haimo. Apt haijakosea. Maven nayo ni programu ya Java iliyokwisha kugeuzwa, na ili iamke inahitaji kuendeshwa tu. Wengi wanateleza hapa: wanaiona Maven ikiitika, wanahitimisha kwamba Java imekamilika. Kuitika kwake kunathibitisha kwamba kuna JRE, basi.

Ujenzi unagoma. Mwenye mashine anasoma kwamba OpenMRS inataka Java 8, anasakinisha openjdk-8-jdk, ambayo ni JDK kamili yenye kompaila ndani yake. Anaandika javac -version na kujibiwa 1.8.0. Anarudia mvn compile. Hakuna kompaila, inasema Maven.

Tazama kilichotokea. Ubuntu ina utaratibu wa update-alternatives unaoamua jina fulani la amri lielekezwe kwenye faili ipi. Utaratibu huo unaishughulikia kila amri peke yake. Kwa jina la java kuna wagombea wawili: Java 11 yenye kipaumbele cha 1111 na Java 8 yenye 1081. Ya 11 inashinda. Kwa jina la javac kuna mgombea mmoja tu, wa Java 8, kwa sababu Java 11 iliyopo haina kompaila. Matokeo yake, ukiandika java unapata 11, ukiandika javac unapata 8. Mashine moja, Java mbili nusunusu, na hakuna onyo lolote lililotolewa. Amri mbili zinaliweka wazi jambo hili:

readlink -f $(which java)
readlink -f $(which javac)

Ya kwanza inaishia ndani ya java-11-openjdk-amd64, ya pili ndani ya java-8-openjdk-amd64. Njia hizo zikitofautiana namna hii, umeshaukamata mzizi wa fitina.

Lakini kwa nini Maven isiite tu javac iliyoko kwenye PATH, kama sisi tulivyoiita? Kwa sababu kwa kawaida haifanyi kazi hivyo. Java 6, iliyotoka Desemba 2006, ilileta njia ya programu ya Java kuiomba kompaila kutoka ndani ya mashine pepe ile ile inayoiendesha, bila kuanzisha amri ya nje. Kuna darasa liitwalo ToolProvider, lenye mbinu iitwayo getSystemJavaCompiler. Ukiiita mbinu hiyo ndani ya JDK, inakupa kompaila. Ukiiita ndani ya JRE, inarudisha null. Programu-jalizi ya Maven inayosimamia kompaila, tangu toleo lake la 3.0, inatumia njia hiyo isipoambiwa vinginevyo. Ikipata null, inatoa ule ujumbe tunaoulalamikia. Kwa hiyo swali la Maven ni hili: je, Java hii hii inayoniendesha sasa ina kompaila? PATH haimo kabisa katika swali hilo. Unaweza kuwa na javac kumi kwenye diski, na jibu likabaki hapana.

Ndiyo maana javac -version, amri ambayo kila mtu huikimbilia, haisaidii sana hapa. Inaiuliza terminali, ilhali mwenye tatizo ni Maven. Swali sahihi ni:

mvn -version

Katika matokeo yake kuna mstari unaotaja toleo la Java na, baada ya neno runtime, folda inakotoka. Kwenye mashine yetu unasema /usr/lib/jvm/java-11-openjdk-amd64. Hapo napo pana mtego. Vifurushi vya Java 11 vya JRE na vya JDK vinasakinishwa ndani ya folda hiyo hiyo moja, kwa jina hilo hilo. Jina la folda halikuambii lolote kuhusu kilichomo. Hata java -version haikusaidii, kwani huandika "OpenJDK Runtime Environment" iwe umesakinisha JRE au JDK. Nimeshuhudia watu wakiusoma mstari huo kama ushahidi kwamba hawana JDK, wakati wanayo. Inabidi ufungue folda uone kwa macho:

ls /usr/lib/jvm/java-11-openjdk-amd64/bin

Zimo java, keytool, rmiregistry na nyingine chache. Javac haimo. Sasa tunajua, hatudhani tena.

Kabla ya kubadilisha chochote cha kudumu, jaribu tiba kwa mstari mmoja tu, ambao athari yake inaisha amri ikiisha:

JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-8-openjdk-amd64 mvn -version

Maven ikikuta kigeu cha JAVA_HOME kimewekwa, inaamka kwa java iliyomo ndani ya folda hiyo na kuacha ile ya PATH. Safari hii inajibu kwamba inaendeshwa na Java 1.8.0 kutoka /usr/lib/jvm/java-8-openjdk-amd64/jre. Herufi hizo tatu za mwisho zimewakatisha tamaa wengi, wakidhani wamerudi pale pale kwenye JRE. Sivyo. Hadi Java 8, JDK ilibeba JRE ndani yake katika folda ndogo yenye jina hilo, na java ilijitambulisha kwa folda hiyo ndogo. Kompaila ilikaa nje yake kidogo, katika faili iitwayo tools.jar ndani ya folda ya lib ya JDK. Ukiusoma msimbo wa ToolProvider wa Java 8 utakuta hatua hiyo imeandikwa waziwazi: chukua folda ya Java, kama jina lake ni jre, panda juu hatua moja, kisha ingia lib utafute tools.jar. Mistari michache, lakini inaeleza kwa nini njia inayoishia jre inaweza kuwa sahihi kabisa. Endesha mvn compile kwa JAVA_HOME hiyo hiyo, na kompaila inapatikana.

Tiba ya kudumu inategemea unachokitaka. Kama mradi wako unatosheka na Java 11, sakinisha openjdk-11-jdk-headless; javac itajazwa ndani ya folda ile ile na hutahitaji kugusa kigeu chochote. Kwa mradi wa Java 8 kama huu, weka JAVA_HOME, au geuza amri zote za Java kwa pamoja:

sudo update-java-alternatives -s java-1.8.0-openjdk-amd64

Mimi napendelea JAVA_HOME, kwa sababu inagusa mradi mmoja na kuiacha mashine nyingine yote ilivyo. Wenye miradi mingi ya Java tofauti wajifunze faili ya toolchains.xml inayokaa ndani ya .m2, inaiwezesha Maven kuendeshwa na Java moja na kutumia kompaila ya nyingine. Na JAVA_HOME iishie kwenye folda ya JDK yenyewe, kamwe isiishie kwenye bin, maana Maven huongeza bin yenyewe.

Sasa tatizo linahamia kwingine: inafanya kazi kwenye terminali yangu, inagoma kwenye seva. Wengi huandika JAVA_HOME ndani ya .bashrc. Faili hiyo, katika Ubuntu, ina masharti karibu na mwanzo wake yanayoifanya iache kusomwa mara moja kama hakuna mtu anayeandika kwenye terminali. Kazi ya cron haiisomi. Huduma inayoanzishwa na systemd haiisomi. Amri ya sudo nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, husafisha vigeu vya mazingira, kwa hiyo sudo mvn inaweza kuikuta Java tofauti na ile uliyoiona dakika moja kabla. Jenkins ina mtego wake: kama Maven, nayo ni programu ya Java inayotosheka na JRE, na maelekezo yake ya usakinishaji kwenye Debian na Ubuntu yamekuwa yakielekeza kifurushi cha jre. Seva inaamka vizuri, ukurasa unafunguka, halafu ujenzi wa kwanza unaanguka kwa kukosa kompaila. Dawa ni kuitaja JDK waziwazi katika mipangilio ya kazi yenyewe.

Kwenye Windows mambo ni yale yale kwa majina mengine. Kisakinishi cha Java 8 cha Oracle huweka mwanzoni mwa PATH folda ya javapath yenye java na jamaa zake wa kuendeshea, bila javac, hata kama JDK umeisakinisha. Amri ya where java itakuonyesha. Ukibadilisha kigeu, funga dirisha la amri ufungue jipya. Lililokuwa wazi halipati habari. Wanaotumia Eclipse wanakutana na ajabu nyingine: msimbo hauna alama hata moja nyekundu, lakini Maven ikiendeshwa humo humo inasema hakuna kompaila. Eclipse ina kompaila yake yenyewe, haihitaji javac, na Maven inaendeshwa kwa Java iliyochaguliwa katika orodha ya Installed JREs. Ongeza JDK katika orodha hiyo uichague.

Java 9, ya Septemba 2017, iliondoa tools.jar na folda ya ndani ya jre. Kompaila ikawa moduli iitwayo jdk.compiler. Kuanzia Java 11 Oracle iliacha kutoa JRE peke yake. Ungetarajia hitilafu hii ife. Haikufa, kwa sababu Debian na Ubuntu bado zinaigawa Java katika vifurushi vya JRE na vya JDK, na picha za Docker za eclipse-temurin zina lebo za jre na za jdk. Ya jre ni chaguo zuri kwa kuendeshea programu iliyokamilika, kwa kuwa ni nyepesi. Kwa kujengea haifai.

Lawama moja naielekeza kwa ujumbe wa Maven. Ant, zana kongwe zaidi iliyotolewa mwaka 2000, ikikosa kompaila humwambia mtumiaji kwamba pengine JAVA_HOME haielekei kwenye JDK, kisha inaitaja folda inayoitazama wakati huo. Mstari huo mmoja unaokoa saa nyingi, maana unamwonyesha mtu mahali pa kwenda kutazama. Maven, iliyokuja baadaye, inadhani tu bila kutaja folda. Kuongeza njia ya folda kwenye ujumbe huo ni kazi ndogo, na mwenye uwezo wa kuchangia msimbo huru angeifanya kazi hiyo angewasaidia wanafunzi wengi wanaokwama leo.

Kwa sasa, ukiomba msaada, usitume picha ya maandishi mekundu pekee. Tuma matokeo ya mvn -version yaliyotolewa mahali pale pale ujenzi ulipokwama, iwe terminali, cron au Jenkins, pamoja na orodha ya faili zilizomo katika bin ya folda iliyotajwa humo. Kwa Java 8, kama folda hiyo inaishia jre, orodhesha bin ya folda iliyo juu yake.