Kuipima Filamu ya Mapenzi Yenye Nyota Wengi

Ukitaka kujua kama filamu ya mapenzi imetengenezwa kwa ustadi, waache kwanza wapenzi wawili. Mtazame anayewaletea chai, au dereva anayewangoja nje. Akionekana ana safari yake, ana deni au ana mtu anayemwaza, ujue mwongozaji anaiweza kazi. Akiwa amesimama tu mpaka nyota wamalize kutazamana machoni, anza kushuku.

The Last Face ya Sean Penn inafundisha jambo hili vizuri. Ilishindanishwa kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei 2016, na wakosoaji wakaiponda karibu kwa sauti moja. Haikukosa vipaji: Charlize Theron, Javier Bardem, Jean Reno, Jared Harris na Adèle Exarchopoulos wako mbele ya kamera ya Barry Ackroyd, na muziki ni wa Hans Zimmer. Theron na Bardem ni madaktari wa misaada wanaopendana katika vita vya Liberia, na baadaye wanakutana tena katika sehemu inayohusu Sudan Kusini. Maandishi ya mwanzo yanaweka ukatili wa vita na uchungu wa mapenzi ya mwanamume na mwanamke kwenye mizani moja.

Hapo ndipo mtazamaji wa hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, anapokuwa hakimu bora kuliko wengi waliokaa ukumbini Cannes. Mji huu uliangukia mikononi mwa waasi wa RCD Oktoba 1998. Hapa watu wanajua mgonjwa akivushwa mto Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli haji peke yake: kuna anayembeba, kuna aliyebaki na watoto, kuna anayehangaika kutafuta pesa ya dawa. Sasa tafuta watu hao ndani ya filamu. Majeruhi ni wengi, damu ni nyingi, lakini karibu wote hawana jina wala neno la maana la kusema. Wamewekwa pale ili daktari aumie moyo, naye mwenzake amfariji. Kwangu mimi hilo ni kosa la ufundi kabla hata ya kuwa kosa la adabu, kwa sababu mapenzi hayapati uzito bila watu ambao wapenzi wangeweza kuwapoteza.

Pima pia kazi waliyopewa nyota wenyewe. Reno, mwigizaji mwenye uso unaobeba hadithi, anacheza daktari aitwaye Love, na nafasi yake ni finyu mno. Exarchopoulos ni Ellen, binamu wa Wren anayechezwa na Theron, naye aliwahi kuwa na uhusiano na Miguel wa Bardem. Fundo hilo lingetosha kuibeba filamu nzima! Skripti inamtumia Ellen kama kizuizi njiani, halafu inampita.

Mazungumzo yapime kwa sikio la nyumbani. Wanaopendana kweli huzungumzia chakula, uchovu, nani kachelewa. Wakianza kuhutubiana, mwandishi ameishiwa.

Baada ya The Last Face, tazama La Vie est belle ya mwaka 1987, ya Mweze Ngangura wa Bukavu pamoja na Benoît Lamy. Ni vichekesho, bajeti yake ndogo, na baadhi ya maonyesho yanakwenda ovyo. Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayetafuta jina Kinshasa na anayempenda Kabibi. Nvouandou, tajiri, anamtaka Kabibi huyohuyo, lakini nyumbani yupo Mamu, mke wake, naye ana tamaa na hesabu zake. Kila mmoja anavuta upande wake, na mapenzi yanapita katikati ya mvutano huo.

Filamu ikiisha, mwambie uliyekaa naye aisimulie upya kutoka upande wa mhusika mdogo. Kwa Mamu atasimulia mpaka usiku uingie. Kwa mgonjwa aliyelala mbele ya Theron na Bardem, hatapata hata jina la kuanzia.