Shaka na Imani katika Kinjikitile

Mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjikitile, uliochapishwa mwaka 1969, husomwa mara nyingi kama sifa ya mashujaa wa Maji Maji. Usomaji huo ni wa haki, lakini hautoshi. Ndani ya mchezo mna swali zito zaidi: mtu aliyeingiwa na shaka juu ya maji afanye nini mbele ya watu waliokwisha kuyaamini?

Historia yajulikana. Vita vilianza mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi, iliyochoshwa na kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, vikaenea hata kwa Wavidunda katika milima ya Kilosa, upande wa Mikumi. Kinjikitile alinyongwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Vita vikaendelea mpaka 1907.

David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, alifundisha mwaka 1748 kwamba imani ya mwenye hekima haizidi ushahidi wake, na kwamba habari ya muujiza haikubaliki ila uongo wa msimulizi uwe ajabu kubwa kuliko muujiza wenyewe. Katika mchezo, aliye karibu na mizani hiyo ni Kitunda, kiongozi wa vita. Shaka ya Kinjikitile ina asili nyingine. Haikuzaliwa na jaribio la risasi, bali na maana ya ujumbe: anapotambua kuwa amewaahidi watu kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, anaona kwamba mtumwa anaahidiwa bwana mwingine.

Lakini Hume huyo huyo alisema kwamba akili peke yake haimsukumi mtu kutenda, na kwamba imani zetu za kila siku hukaa juu ya mazoea. Mkulima wa Lumuma afunguaye mfereji katika shamba lake la vitunguu hana hoja ya kuthibitisha kwamba mto wa kesho utatiririka kama wa jana. Ana mazoea tu. Je, ana tofauti gani na aliyepakwa maji ya Ngarambe? Tofauti ipo. Mazoea ya mkulima hujaribiwa kila msimu, na mto ukikauka huyaacha. Maji ya Ngarambe hayakungoja jaribio ila siku ya vita, na huko Mahenge bunduki za rashasha zilitoa jibu ambalo walioulizwa hawakuishi kulisikia.

Uzito wa mchezo uko mwisho, gerezani. Kitunda anamsihi Kinjikitile akiri kwamba maji ni uongo. Anakataa, kwa kuwa watoto wa kesho wataambiwa kwamba baba zao walipigana kwa makosa. Hapa pana kauli mbili zilizofungwa pamoja: kwamba maji yalikuwa uongo, na kwamba vita vilikuwa makosa. Ya pili haitokani na ya kwanza, kwa maana dhuluma ya pamba na kodi ilikuwa kweli hata kama maji hayakuwa. Mtawala ndiye atakaye watu wazichanganye. Kinjikitile, kwa kumwogopa, anakubali fundo alilolifunga adui.

Yawezekana kumtetea. Dhuluma ilihisiwa na wote, lakini haikuwaunganisha wote mpaka maji yalipokuja. Pengine neno la akili tupu lisingesikiwa. Utetezi huo una nguvu, nao wapatana na Hume mwenyewe. Hata hivyo hauondoi deni moja. Kukataa kwake gerezani kulimgharimu yeye roho yake, na hilo ni heshima. Kutotangaza shaka yake waziwazi kabla ya mapigano kuliwagharimu wengine roho zao, wala hao hawakuulizwa.

Hussein hamhukumu mtu wake, wala hamfichi. Msomaji atakayetoka katika mchezo huu na sifa tupu amesoma nusu yake. Na atakayetoka na dharau kwa waliopakwa maji hajasoma hata hiyo nusu.