Ufundi wa karai Malava

Mandazi ya kuuza barabarani huanza kushughulikiwa kabla ya alfajiri. Malava, mji wa Kabras ulio kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, una wateja wa mapema wasiojua kungoja: wakata miwa, madereva wa trekta zinazopeleka miwa kwenye viwanda vya sukari vya West Kenya na Butali, watu wa bodaboda, wanafunzi. Hawa hawana nafasi ya kuketi hotelini. Wanataka kitu cha moto cha kushika mkononi, cha shilingi chache, kitakachowafikisha saa nne. Anayewapikia hufanya kazi inayostahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Pakiti ya unga wa ngano ya kilo 2, ikitiwa maji ya uvuguvugu karibu lita 1, sukari, chumvi, hamira na mafuta kidogo, hutoa donge la kilo 3 na ushei. Likikatwa vipande vya gramu 60, hayo ni mandazi 50 hivi. Mpishi hufika kwenye hesabu hiyo bila mizani. Maji humiminwa kidogo kidogo, na kiganja ndicho kinachoamua: unga ukinata vidoleni, bado, ukiacha beseni safi, umekubali. Wa kangumu hukazwa, maana kangumu hupendewa ugumu wake na huweza kulala siku mbili bila kuharibika. Wa mandazi laini huachwa teketeke na kufunikwa uumuke. Iliki, ambayo Mswahili wa Pwani haikosi kwenye mahamri yake, huku mara nyingi huachwa kando. Ladha yake ni nzuri, lakini bei yake hula faida.

Lakini donge zuri huweza kuharibiwa na karai, na hapo ndipo fundi hujulikana. Mafuta yanatakiwa yafike nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, na kipimo chake ni kibonge cha unga. Kikizama na kutulia chini, moto bado. Kikipanda upesi huku kimezungukwa na mapovu madogo, kazi ianze. Kikigeuka kahawia papo hapo, makaa yapunguzwe, la sivyo mandazi yataiva nje na kubaki mabichi ndani. Maji yaliyo ndani ya donge hugeuka mvuke na kusukumana kutoka, na msukumo huo ndio unaoyazuia mafuta kuingia. Andazi likiopolewa, mvuke hupoa, msukumo hulegea, na mafuta yaliyobaki juu ya ngozi hufyonzwa ndani. Sehemu kubwa ya mafuta anayolalamikia mteja huingia baada ya andazi kutoka motoni. Kwa hiyo mpishi hodari huyakung'uta mandazi kwenye kijiko cha matundu juu ya karai lenyewe, kisha huyatandaza. Hayashindilii kwenye ndoo yakiwa bado yanafuka. Wala halijazi karai hadi ukingoni, hata foleni iwe ndefu vipi, kwa kuwa donge baridi likiwa jingi huteremsha joto, na mandazi yote hunywa mafuta.

Jioni karai hilohilo hugeukia viazi na bhajia. Pembeni huwapo mayai pasua: trei moja ni mayai 30, na yai hupasuliwa kwa urefu bila kiini kumwagika, kisha hujazwa kachumbari. Hapa kachumbari ndiyo inayouza. Kitunguu kisichooshwa kwa chumvi huwasha ulimi na kumfukuza mteja. Asiye na mtaji wa moto huuza njugu au mizizi ya mukombero, inayotafunwa hivihivi.

Wauzaji wa Manila wanayo mbinu ambayo Malava ingeweza kuijaribu kesho. Ndizi za kupika zilizoiva hukaangwa pamoja na sukari ya kahawia, ambayo huyeyuka katika mafuta ya moto na kuzivika ganda linalometa, kisha huchomekwa kwenye kijiti. Chakula hicho huitwa banana cue. Ndizi zipo Kakamega, na sukari yenye rangi hiyo hutengenezwa palepale Kabras. Ugumu ni kwamba sukari huungua upesi, na mafuta yaliyokaangia ndizi hayafai tena mandazi, kwa hiyo pangehitajika karai la pili.

Kuanza si ghali: karai, jiko, meza, ndoo yenye mfuniko na sanduku la kioo la kukingia nzi na vumbi la trekta. Juu ya hayo kuna leseni ya kaunti na cheti cha afya cha mshika chakula, kinachotakiwa kufanywa upya kila miezi sita. Kinachoyumbisha biashara ni msimu. Mwaka 2023 usagaji wa miwa ulisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa kuwa miwa iliyokuwapo ilikuwa michanga, na mkata miwa asiyekata hanunui. Likizo za shule huja na pengo lake. Mpishi anayesoma kalenda ya kiwanda na ya shule hukanda kilo 2 badala ya 4 siku hizo, kisha huhamisha meza karibu na stendi ya matatu, ambako abiria hawakatiki.