Kejeli Iliyoiva: Kuzipima Hadithi za Kisayansi Zinazocheka Ndoa na Mapenzi

Ukitaka kujua kama hadithi ya kisayansi inakejeli watu au inajionyesha tu, iwaze bila mashine uone kama ugomvi umebaki. Hapa Bomet mfano hauko mbali. Bonasi ya chai inapoingia mwezi wa Oktoba, mara nyingi namba ya mkulima ni ya baba, ingawa mama ndiye aliyechuma msimu mzima na kubeba majani hadi kituoni. Mwandishi akituletea roboti shambani Mogogosiek, hadithi bado haijaanza. Itaanza jioni roboti atakapouliza, "Mzee, kilo hizi niziandikishe kwa jina la nani?" naye mzee ajifanye anatafuta simu mifukoni, mama akiwa amesimama pale pale na kikapu mgongoni.

Mashine yenyewe haitustaajabishi. Za kuchuma chai tunazo, na Mei 2023 baadhi zilichomwa moto Kericho na watu waliolalamikia kupotea kwa ajira.

Fundi wangu katika kazi hii ni Robert Sheckley wa Marekani. Katika "Pilgrimage to Earth" (1956), kijana mkulima wa sayari ya mbali anaacha shamba lake na kuja Duniani kutafuta mapenzi, na huku anakuta yanauzwa. Mwandishi wa kawaida angempa msichana tapeli, mambo yakaishia hapo. Sheckley anampa msichana anayempenda kweli kweli: kampuni imemtia mapenzi hayo akilini, na muda uliolipiwa ukiisha itayafuta apokee mteja mwingine. Tazama pia lile banda la kulenga shabaha. Mwanzoni kijana anaambiwa kwamba akilipa anaweza kuwapiga risasi wanawake, wanawake wa kweli, naye anashtuka na kwenda zake. Mwishoni anarudi, naye anakubali. Sheckley hatufafanulii neno. Ukikuta mwandishi amepanda kitu mapema namna hiyo na akanyamaza, jua umeshika kazi ya mtu anayejua.

Halafu uliza ni nani anayechekwa. Isaac Asimov ni stadi, lakini "Satisfaction Guaranteed" (1951) huniacha na kinyongo. Mke mpweke anayempenda roboti wa nyumbani ndiye anayebebeshwa aibu, ilhali mumewe, aliyekubali roboti huyo ajaribiwe kwake kisha akasafiri kikazi, anapita karibu bila kuguswa. Kumcheka mnyonge ni rahisi mno, hata walevi wanaweza.

Mwisho, tazama kama kicheko kinadumu. Kwetu Kenya kuna riwaya ya Katama Mkangi, *Walenisi* (1995). Mhusika mkuu, Dzombo, anatiwa katika chombo cha angani kama adhabu ya kifo, lakini anasalimika na kufika nchi yenye haki. Hukumu na safari vina makali yake. Tatizo linaanza akishatua, maana wenyeji wake wanahutubu kupita kiasi, na kicheko kinakatika.

Kwa hiyo wewe mwalimu unayesahihisha hadithi za wanafunzi, usidanganyike na majina ya sayari. Mpe alama za juu yule aliyemfanya baba atafute simu ambayo haijapotea. Makosa ya roketi mwachie mwalimu wa fizikia.