Jicho la Mhakiki na Kisu cha Halloween

Dola 300,000 na ushei, na wiki chache tu za kupiga picha: huo ndio mtaji aliokuwa nao John Carpenter alipotengeneza Halloween mwaka 1978. Hadithi inatokea Haddonfield, Illinois, majani yakipukutika. Kumbe mitaa ile ni ya California, tena miti ikiwa kijani. Majani makavu yalipakwa rangi, yakatawanywa barabarani, kisha yakakusanywa yatumike tena. Kinyago cha muuaji, Michael Myers, kilinunuliwa dukani kikiwa na sura ya nahodha wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakapanuliwa. Filamu kama hii, ya wasichana, kisu na usiku, mhakiki mwenye haraka huihukumu kabla taa hazijazimwa.

Pauline Kael wa The New Yorker hakuipenda. Aliona Carpenter anajua kutisha kwa picha lakini hana mengi zaidi ya hapo, na kwamba mbinu zake ameziazima kwa waliomtangulia. Kuhusu kuazima, alisema kweli. Carpenter mwenyewe hakuficha deni lake kwa Hitchcock: nafasi ya Laurie, msichana anayewindwa na Myers, alimpa Jamie Lee Curtis, binti wa Janet Leigh wa Psycho ya Hitchcock, na daktari wa Myers akampa jina Sam Loomis, lililotoka katika filamu hiyohiyo.

Lakini Tom Allen wa The Village Voice aliitetea mapema, na Roger Ebert akaipa nyota nne. Kazi yao naiheshimu kwa sababu hawakuiombea filamu radhi. Waliangalia namna ilivyoundwa, na hapo ndipo uhakiki unapokuwa ufundi kamili.

Maana kuna mengi ya kuangalia. Laurie amesimama akilia kando ya mlango wenye giza. Pole pole, nyuma yake, uso mweupe unajitokeza gizani. Hakuna kilichoruka wala kupiga kelele. Mpiga picha Dean Cundey ameongeza mwanga kidogo kidogo, basi. Picha yenyewe ni pana, na upana huo unalilazimisha jicho la mtazamaji kupekua kila pembe, hata pale pasipo na mtu. Damu inayoonekana ni kidogo mno. Muziki nao Carpenter aliutunga na kuupiga mwenyewe, kwa mapigo matano katika kila hatua, mdundo aliofundishwa na baba yake kwa ngoma za bongo. Sikio linalotarajia manne halipati pa kutulia.

Faida ya Halloween ilizaa waigaji wengi. Mwaka 1980 Ebert na mwenzake Gene Siskel walitumia kipindi chao cha televisheni kuzilaani filamu za wanawake wanaowindwa, lakini Halloween wakaitenga kwa ufundi wake. Kuitenga hivyo si rahisi, kwani inaanza ndani ya macho ya muuaji mwenyewe, mtoto wa miaka 6, tukichungulia kupitia kinyago chake. Nadhani walikuwa sahihi: baada ya mwanzo ule kamera inahamia kwa Laurie, na hofu tunayoibeba ni yake. Mtayarishaji Debra Hill, aliyeandika hadithi pamoja na Carpenter, aliwapa wasichana wale mazungumzo yenye uhai, ndiyo maana vifo vyao vinauma. Mwaka 1992 msomi wa filamu Carol Clover alichapisha kitabu kizima kilichoonyesha jinsi hata watazamaji wanaume wanavyojiweka upande wa msichana anayebaki hai.

Mwaka 2006 filamu hii iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Hata hivyo Kael bado namsoma, maana lawama yake inanilazimisha kujibu. Ni kweli Myers hana undani. Loomis anamweleza, anarudia kumweleza, na kila maelezo yanagonga kile kinyago yakaanguka. Kwangu utupu huo ndio kazi bora zaidi ya Carpenter, na hakuna bajeti kubwa ambayo ingeuboresha.