Jicho Moja, Mkono Mmoja, Vita Viwili

Adrian Carton de Wiart, afisa wa jeshi la Uingereza, anastahili saluti ya kila anayeijua kazi ya uaskari. Mwaka 1914 alipoteza jicho vitani katika nchi ya Wasomali. Mwaka uliofuata, mkono wa kushoto huko Ubelgiji. Mwingine angerudi nyumbani na pensheni yake. Yeye, Julai 1916, alikuwa La Boisselle, Ufaransa, akichomoa pini za mabomu kwa meno na kuyarusha kwa mkono uliobaki. Makamanda watatu wa vikosi vingine walipoanguka, aliongoza na askari wao pia. Akatunukiwa nishani ya Msalaba wa Victoria. Katika Vita vya Pili vya Dunia alitekwa na Waitalia. Akiwa amepita miaka 60, alichimba handaki na wenzake, wakatoroka. Ajabu ya unyenyekevu: alipoandika kitabu cha maisha yake, nishani ile hakuitaja.