Maua katika Maneno ya Kale

Ewe msomaji, yako maneno ambayo yakitajwa tu hunukia. Afu, kilua, mkadi, rehani, asumini: hayo ndiyo maua waliyoyapenda washairi wa pwani tangu zamani. Hata neno bustani, lililotoka Uajemi, maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri. Wanafunzi wengi huyachuma maneno haya na kuyatia katika mashairi yao, wakidhani kwamba kazi ya mshairi ni kupamba. Natuulizane kama ndivyo.

Tumtazame kwanza Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake yapata mwaka 1858 kumwusia binti yake. Anapomwambia atunge asumini na kuiweka kitandani, hapambi ubeti. Ua hilo lilikuwa shughuli ya nyumbani: lilichumwa, likatungwa uzini, likatandazwa. Neno lina uzito kwa kuwa mkono wa mtungaji uliijua kazi yenyewe.

Tumtazame tena Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Yeye ataja taa za matajiri wa Pate na majumba yao ya starehe. Kisha atuonyesha makinda ya ndege yamelala katika vidaka vilivyowekwa sahani za kaure, na popo wametamalaki vyumbani. Maneno ya anasa aliyakusanya ili tuione hasara. Kama yangalikuwa pambo tu, tusingalihuzunika.

Hata hivyo, jambo moja lisitupite. Starehe ile ilikuwa na gharama yake. Bwana aliyekaa barazani jioni akinusa afu na kupima mizani ya shairi, mara nyingi alikuwa na watumwa wa kumtekea maji na kumlimia. Katika mwambao wa Kenya, utumwa haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Sisemi tuyatupe maneno hayo. Ni mazuri, wala uzuri si kosa lake. Nasema tuyasome kwa macho mawili: moja lione ua, na la pili limwone aliyelitilia maji.

Mwanafunzi mmoja kutoka bara aliniletea shairi lililojaa vilua na mikadi. Vina vilikuwa sawa, na mizani sawa, lakini shairi lilikuwa baridi. Nikamwuliza, "Umepata kunusa kilua?"

Akajibu, "La, mwalimu, sijakiona hata siku moja."

"Basi kwenu kwanukia nini?"

Akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba mvua ikisha kunyesha mibuni huchanua maua meupe, na harufu yake hujaa mlima mzima. Lakini mama yake hana nafasi ya kuinusa, maana yumo humo mibunini akipalilia.

Nikamwambia, "Hilo ndilo shairi lako. Nenda ukaliandike."

Alirudi nalo baada ya juma moja. Kina kimoja kilipotea, na mizani ilichechemea mahali pawili. Lakini mlikuwamo jembe, na ua, na mama aliyeinama. Nililisoma mara mbili.

Kwa hiyo, msomaji, jifunze maneno ya kale, uyajue yote, wala usiyaache yafe. Lakini utakaposhika kalamu, anza na ua lililo mlangoni kwenu, umtaje na mwenye kulipalilia.